Nukta Sita

"Mzee wangu, nunua nyingine," alisema Nasra, fundi wa kompyuta. "Waliotengeneza printa hii wameshaitupa. Kompyuta haiitambui tena."

Mzee Shaweji, asiyeona tangu utotoni, aliendelea kuipapasa printa ile ya nukta nundu, maandishi ya wasioona yasomwayo kwa vidole. Marehemu mkewe, naye asiyeona, aliitumia kumchapia barua, ingawa waliishi nyumba moja. Ya mwisho ilikuwa bado ndani ya kompyuta, haijachapwa.

"Si kompyuta itakusomea?"

"Kwa sauti ya nani?" aliuliza mzee. "Huwezi kuiandikia programu wewe mwenyewe?"

Nasra alijua ni kazi ya kubahatisha, ya miezi. Alifungua kinywa akatae, akajisikia akisema, "Niachie."

Baada ya miezi mitatu alimwita. Printa ilitetemeka, ikagonga, ikatoa karatasi. Nasra aliitazama: badala ya kila herufi kuwa na mpangilio wake, zote zilikuwa nukta sita kamili, mstari baada ya mstari.

"Imekosea, baba. Lete niichane."

Lakini vidole vya mzee vilikwishafika.

"Zamani mke wangu akitumia mashine ya mkono," alisema polepole, "neno akilijutia, alilifuta hivi. Nukta sita juu ya kila herufi. Nami nilikuwa nikipapasa hapo hapo, nikijiuliza alitaka kuniambia nini."

Nasra alirudi kwenye programu yake. Nyuma yake, mzee alifika mwisho wa ukurasa, akarudisha vidole juu, akaanza upya.