Vidole vya Mponda Kokoto

"Kutoka hapa mpaka kwa wakala wa pesa za simu ni dakika ngapi?" mdadisi alimuuliza mama aliyekuwa akiponda kokoto.

"Tatu tu, mwanangu."

Mdadisi akajaza tatu. Kishikwambi kikawaka kijani: AMEFIKIWA NA HUDUMA. Huyu alikuwa wa kumi hapo machimboni tangu asubuhi, na wote walitoka kijani.

"Haya, na hili niandikie," mama akasema, akitua nyundo chini. "Huu ni mwezi wa nne mfululizo kaka yangu ananitumia hela ya dawa, na sijaishika hata senti. Mashine ya wakala inataka kidole. Mimi sina."

Akamnyooshea mikono. Vidole vyote kumi vilikuwepo, ila ncha zake ziling'aa kama sahani, bila hata mstari mmoja. Mawe yalikuwa yamezila alama zote.

Mdadisi akampigia simu msimamizi wake, akamweleza.

"Swali linauliza dakika," msimamizi akamjibu. "Vidole havimo. Tuma, wakubwa wanasubiri ripoti."

"Lakini hela yake haipati!"

"Dada, huyo amefikiwa. Usituharibie hesabu."

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia. Alikata simu bila kuaga, akawageukia wale tisa aliokwisha kuwahoji, waliokuwa wameinamia mawe yao kama kawaida.

"Mama zangu, samahanini. Naomba kila mmoja anionyeshe mikono."