Pete ya Migongano Miwili

Wapiganapo tembo, nyasi huvaa dhahabu. Nyota za nyutroni hugongana mbili mbili kule juu, na vumbi lake la dhahabu ndilo mapambo yetu. Kipimo cha msajili husoma kila pete na kutaja mgongano ulioizaa. Sheria inataka mume na mke wavae dhahabu ya mgongano mmoja, na mtoto wao apewe jina la mgongano huo.

Bangili ya bibi yangu haikulingana na mkufu wa mchumba wangu Makame. Nikampelekea sonara vyote viwili, akaviyeyusha pamoja, akatutengenezea pete mbili.

Kipimo kilizisoma mara tatu, kikaandika: "Asili haijulikani." Msajili akakuna kichwa; pete zililingana, akatuozesha.

Nyumbani mama mkwe akalia. "Mwanangu, umeniharibia ukoo! Mjukuu wangu ataitwa nani?"

"Ataitwa aje kula, Mama," akacheka Makame, huku akinipakulia pilau.

Sasa nina mimba ya miezi minane. Barua ya tatu ya msajili imefika asubuhi: niombe radhi kwa kuchanganya dhahabu, la sivyo mtoto hataandikwa popote. Makame anaimba jikoni. Mtoto anacheza tumboni. Siombi radhi.