Koili ya Shekue

Siku hizi matanga huanuliwa makaburini hapohapo. Kila mfiwa hubandikwa kitulizi nyuma ya sikio, majonzi yakazimika, watu wakarudi kazini. Siku tuliyomzika binti yetu Rukia, jioni nilikaanga samaki huku naimba.

Mume wangu, Shekue, akarudia michezo yake ya umeme. Aliviringa waya wa shaba kwenye bomba la plastiki, akaupaka rangi ya kucha usije ukapiga shoti, kisha akalisimamisha dude lake, koili ya kurusha cheche, juu ya meza yangu ya chakula. Ikabaki kulisawazisha. Alisogeza kibanio cha umeme juu ya waya, mzunguko mmoja mmoja, na kila akisogeza, cheche ikarefuka.

Mara ikaruka cheche ya zambarau, ndefu kama mkono. Vitulizi vyetu vikazima. Nikaanguka sakafuni nikimwita Rukia kwa mayowe. Shekue naye kajishika kichwa: "Mwanangu! Mwanangu mie!"

Fyuzi ikaungua. Vitulizi vikawaka, tukatulia.

"Koili ina hitilafu," alisema akijifuta machozi. "Nitairekebisha isirudie tena."

"Irekebishe," nikamwambia. "Tazama ilivyonilowesha khanga."