Tofali la Ukuta wa Nyuma

Fundi bomba alikuwa ameshachimba mtaro hadi mlangoni kwa Bibi, ndipo bibi huyo akabadili mawazo.

"Bomba lipitishe kwenye ukuta wa nyuma, litokeze upande wa pili."

Fundi akafuta jasho. Upande wa pili waliishi wahamiaji. Ukuta ule ulijengwa na mtaa mzima ili wasiwaone wahamiaji hao, na yeye mwenyewe alibeba matofali.

"Bibi, wale watu wa kuja si watachota?"

"Kwani kiu yao ni ya aina gani?"

Bibi akamnyang'anya fundi nyundo, akagonga mpaka tofali moja likaachia. Vumbi lilipotulia, jicho likachungulia tunduni.

"Shikamoo, Bibi," ikasema sauti yenye lafudhi ya mbali.

"Marahaba, mwanangu. Andaa ndoo, fundi anamalizia."