Cherehani Isiyochakaa

"Vitu vya marehemu vilivyotumika havilipiwi ushuru," afisa wa forodha alimwambia mama kwa upole. "Lakini cherehani hii ni mpya. Tazama inavyong'aa."

"Mwanangu aliinunua kabla hajaolewa," mama alisema. "Alikuwa akiifuta kila jioni kama anayemfuta mtoto."

"Pole sana, mama. Ila mimi naandika ninachokiona." Akaenda kukagua lori la nyuma yetu.

Basi usafi wa dada ulikuja kumponza akiwa kaburini, huko ng'ambo tulikotoka kumzika. Hela za ushuru hatukuwa nazo.

Wakala aliyetushughulikia makaratasi alimtia mama msumari mkononi. "Ikwaruze kidogo tu. Akirudi ataona imechakaa."

Mama aliitoa cherehani kwenye boksi, akaiinamia. Aliusogeza msumari karibu na rangi.

Kitako cheusi cha cherehani kilikuwa kimechorwa maua ya dhahabu. Lakini kando ya sindano, pale dada alipozoea kulaza mkono wa kushoto kuongoza kitambaa, hapakuwa na ua hata moja. Yalikuwa yamefutika, yakaacha umbo la kiganja.

Mama aliweka msumari chini, akalaza kiganja chake pale pale. Kilienea sawasawa.

Afisa aliporudi, aliona jinsi maua yalivyokatikia kwenye ncha za vidole vya mama. Aligonga muhuri.

"Imepita, mama. Haya, toa mkono tuifunge."

Mama hakuutoa.