Zamu Yetu ya Kikaushio

Siku hizi kuanika juani ni kosa. Kila Jumamosi tunapeleka matandiko kwenye kikaushio cha mtaa: hewa ya moto inageuza unyevu kuwa mvuke, mvuke unapozwa, nawe unarudi na maji yako ya kunywa.

Shuka zetu zilitoa jasho, kama za watu wote. Kisha Bi Msimu, mwendesha mashine, akatia mto wa kulalia wa mke wangu. Ubao wa mashine ukaandika mbele ya foleni nzima: MACHOZI, GLASI MOJA.

"Shemeji, mto huu wa nani?" Bi Msimu akauliza.

"Wangu," nikajibu.

Wanawake wakanionea huruma. Mmoja akaniombea faraja kwa Mungu, nami nikaitikia amina, uso ukiniwaka. Tunalala kitanda kimoja, na sijawahi kumsikia akilia.

Nyumbani mke wangu, Mwanakombo, aliipokea chupa ya maji bila kuniangalia.

"Ubao umesemaje?"

"Jasho tu."

Akaimimina yote kwenye glasi, akaisogeza mbele yangu, akavuta kiti akakaa.

"Kunywa, Baba Saumu," akasema. "Hayo ni ya wiki moja tu."