Asisumbuliwe Mwenye Nyumba

Ranisav alikandamiza kidole kwenye kuvu ya ukutani, akakinusa, kisha akakipangusia pazia la Bibi Stanojka.

"Kabichi," alisema. "Kutwa unachemsha kabichi, mvuke wote ukutani. Madirisha unafungua wewe?"

"Nafungua, Bwana Ranisav."

"Uongo! Fungua tuone."

Bibi akafungua dirisha la jikoni. Mlango ulikuwa wazi, upepo ukapita katikati. Ranisav akajishika shingo kwa mikono miwili.

"Funga! Unataka kuniua?"

Hapa mjini Niš watu wanauogopa upepo wa mlango na dirisha kuliko risasi, na Ranisav aliwashinda wote kwa woga. Bibi akafunga.

Chumba hiki cha chini kilikuwa mali ya Ranisav, naye aliishi ghorofa ya juu yake. Alikuwa ameshuka na ndara, nywele bado mbichi kwa kuoga. Bibi Stanojka alikipanga miaka mitatu nyuma, magoti yalipokataa ngazi. Sasa kifua nacho kilikuwa kinakataa. Daktari alimwambia wazi: akilala na kuvu hiyo msimu mwingine wa baridi, hataumaliza. Tangu Pasaka alikuwa akiomba ukuta utengenezwe, na tangu Pasaka bwana yule alikuwa akimcheka.

Mwishowe bibi alimwita fundi bomba, Živan, ambaye sasa alikuwa kwenye kona akigonga vigae.

"Huu si mvuke, bosi," alisema Živan. "Haya ni maji ya bomba."

"Bomba, kabichi, mate yake, yote mamoja! Anayeishi ndani ndiye anayetengeneza. Mwenye nyumba anahusika nini? Akishindwa, ahame kabla ya theluji." Akamgeukia bibi. "Miaka sabini, huna hata kibanda chako. Ndiyo maana hata kuvu inakudharau."

Bibi Stanojka alikohoa, akajifuta mdomo.

"Sheria hiyo ni yangu peke yangu, au ya jengo zima?"

"Jengo zima!"

"Basi iandike. Ibandike mlangoni, watu wasome."

Hakuna alichokipenda Ranisav kama tangazo. Hakuna aliyemchagua kuwa mkubwa wa jengo, lakini mlango mkuu ulijaa amri zake: msikung'ute mazulia, msilishe paka, msicheke kwenye ngazi. Akaomba karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: KUVU NA MAJI YANAYOVUJA NI MZIGO WA ANAYEISHI NDANI. MWENYE NYUMBA ASISUMBULIWE. Akatia sahihi, akatoka akaibandika mbele ya majirani wawili, kifua mbele.

Aliporudi, Živan alikuwa amekwisha kubandua kigae cha juu kabisa. Maji yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Yanatoka kwako, bosi. Bafu lako la juu limeoza. Sakafu yote ya kuvunjwa."

Majirani waliokuwa wamemfuata hadi mlangoni walianza kuguna. Ranisav alibadilika rangi.

"Mnanitazama mimi? Kule juu mimi nimepanga tu, tena kwa wakala! Mtafuteni mwenyewe, mimi hata simjui."

"Mbona unanijua," alisema Bibi Stanojka akivuta kiti. "Nilishuka huku kwa sababu ya magoti, mwanangu. Nyumba ya juu sikuiuza."